Sadaka au Haki? Neno kwa Wapiga Kura juu ya Ndugu Zetu Wenye Ulemavu

Msimu wa kuombwa kura unatukaribia tena. Katiba ya Kenya imeuweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti katika kila mwaka wa tano. Wa mwisho ulikuwa tarehe 9 Agosti 2022, na unaoufuata ni wa Agosti 2027. Waombaji watapita majumbani na misikitini, watatuahidi njia na maji na kazi, na katika baraza zetu maneno yatakuwa ni yale yale: huyu ni wa kwetu, yule si wa kwetu. Sisi katika darsa hii twataka kuweka mbele ya msomaji suali moja lisilokuwa na ukoo wala chama. Mtu asiyeona, au asiyesikia, au asiyeweza kusimama kwa miguu yake, au ambaye akili yake haikukua kama za wenziwe, anachostahiki kwetu ni nini? Je, ni sadaka, ambayo tukipenda tutampa na tusipopenda tutamnyima, wala hana la kusema? Au ni haki, ambayo asipoipata basi yuko aliyemdhulumu, na huyo aliyemdhulumu ataulizwa?

Mtu asidhani kuwa suali hili ni la kuchezea maneno. Ikiwa ni sadaka, basi hatuna la kumwuliza mwombaji kura, kwani sadaka haidaiwi. Tungoje tu moyo wake ulainike. Lakini ikiwa ni haki, basi kunyamaza kwetu mbele yake ni kushiriki katika dhulma yenyewe, kwa kuwa tulikuwa na ulimi na siku ya kuutumia, na hatukuutumia.

Ili tusiseme hewani, natuutazame mji mmoja. Msomaji wa Mombasa au wa Lamu huenda asiwe amepata kulisikia jina la Diff. Ni mji mdogo wa Wajir Kusini, jirani na mpaka wa Somalia, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Watu wake ni Waislamu wa Kisomali, riziki yao ni mifugo, na ardhi yao ni ya mchanga na miti ya miiba. Mvua zilipokosekana kwa misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, mifugo mingi ilikufa katika upande ule wote, na watu wakawa wahama na wahamaji. Mwenye miguu alihama. Asiyekuwa nayo, ama alibebwa ama aliachwa mjini pamoja na wazee.

Sasa fikiri, ewe msomaji, juu ya mama wa mji kama huo ambaye mtoto wake hawezi kusimama. Ili serikali imtambue mtoto huyo, sharti apimwe na madaktari katika hospitali iliyoruhusiwa kwa kazi hiyo, na fomu zake zifike kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ndipo apate kadi. Kwa hivyo safari ya kwanza ni kutoka Diff kwenda Habaswein au Wajir mjini, juu ya njia isiyotiwa lami, ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Mwenye miguu miwili hulipa nauli ya mtu mmoja. Asiye nayo hulipa yake na ya anayembeba. Na mtoto akiwa mtu mzima, atahitaji kitambulisho. Na kitambulisho kwa watu wa Kaskazini Mashariki, kwa miaka mingi, kilikuwa hakipatikani ila kwa kusimama mbele ya kamati ya kuhojiwa, jambo ambalo Rais alitangaza kuliondoa mwezi wa Februari 2025. Pasipo kitambulisho hapana kadi ya kura. Pasipo kuandikishwa hapana ile fedha ya serikali ya Inua Jamii, ambayo kwa miaka mingi kiasi chake kwa mlemavu asiyeweza kujihudumia kimekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Basi mtu ambaye ni mzito kuliko wote kwa safari ndiye aliyetakiwa asafiri kuliko wote, na asiposafiri huambiwa kuwa hayumo katika daftari.

Huenda akatokea mtu wa pwani akasema: hayo ni ya bara, nasi tuna yetu. Tutamjibu kwa Katiba yenyewe. Kifungu cha 204 kimeanzisha Mfuko wa Usawazishaji, unaotengewa nusu ya sehemu moja katika mia ya mapato ya taifa kila mwaka, ili kupeleka maji, njia, matibabu na umeme mahali palipoachwa nyuma. Ilipoandikwa orodha ya kwanza ya kaunti zilizostahiki mfuko huo, zilikuwa 14. Zilikuwamo Garissa, Wajir na Mandera. Na zilikuwamo pia Lamu, Tana River, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Tumeandikwa ukurasa mmoja. Na zaidi ya ukurasa, tu umma mmoja, ambao kiungo chake kimoja kikiuma mwili wote hukesha.

Tukiisha kukubaliana kwamba jambo latuhusu, tutaikuta njiani hoja inayowazuia watu wengi wema. Husema: huyu ameumbwa hivi, ni amri ya Mungu, na sisi ni nani hata tubadilishe alilolikadiria Mola? Neno hili lina kweli ndani yake, lakini limewekwa pasipo mahali pake. Kweli, Mwenyezi Mungu huumba apendavyo, wala kilema si aibu wala si adhabu ya mzazi, na anayesema kuwa ni laana amesema asilolijua. Lakini natutafautishe baina ya mambo mawili. Mtoto kuzaliwa haoni ni qadari. Mtoto asiyeona kukosa shule ya kumfundisha kusoma kwa vidole ni bajeti. La kwanza tunalipokea kwa subira. La pili lina mwenye kuulizwa, naye ana ofisi na mshahara.

Na kuna ulemavu ambao hata huko kuanza kwake kuna mkono wa mwanadamu. Mwaka 2013 maradhi ya polio, ambayo watu walianza kuyasahau, yalizuka tena katika Pembe ya Afrika, na katika Kenya walithibitishwa wagonjwa 14, wote wakiwa upande wa Kaunti ya Garissa, katika Dadaab na jirani zake. Kinga ya polio ni matone ya kutiwa mdomoni, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na mguu uliopooza umri mzima. Nani atathubutu kusema kuwa chanjo isipomfikia mtoto, na mguu wake ukapooza, ni qadari tupu, wala hapana mtu aliyelala kazini? Tena tarehe 2 Aprili 2015, wauaji walipokivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wako waliobaki hai na majeraha mwilini. Walikuwa wazima alfajiri ile. Wazee wetu walisema: hujafa hujaumbika. Hawakulisema neno hili ili tuhurumiane tu. Walitukumbusha kwamba mpaka baina ya mzima na mlemavu ni siku moja, na kwamba anayemjengea mlemavu ngazi isiyo na vipandio huenda anajijengea mwenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo shina la msiba. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, walioandikwa kuwa na ulemavu katika Kenya nzima, wa umri wa miaka 5 na zaidi, walikuwa laki 9 na ziada, yaani kama wawili katika kila mia. Shirika la Afya Duniani linakisia kuwa katika ulimwengu ni kama 16 katika kila mia. Tafauti hiyo peke yake yatosha kumstua mtu, hata tukikubali kuwa vipimo vya hesabu hizi mbili si kimoja. Lakini la ajabu zaidi ni hili: Kaunti ya Wajir, ambayo Diff imo ndani yake, ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizotoa sehemu ndogo kabisa, haikufika hata mtu mmoja katika mia.

Je, tuseme kwamba Wajir, penye ukame, penye hospitali chache, palipopitiwa na vita na maradhi, ndipo penye afya kuliko kwengine? Akili haikubali. Iliyo karibu zaidi na kweli ni kwamba watu wapo lakini hawakuhesabiwa. Wengine waliokuwa malishoni hawakuulizwa sawasawa. Na wengine, na hapa natuseme kweli ijapokuwa chungu, waliulizwa jamaa zao nao wakajibu kuwa nyumbani mwao hamna mtu wa namna hiyo. Mtoto yumo chumba cha ndani. Akiwa ni mwanamke hufichwa mara mbili: mara moja kwa ulemavu wake, na mara ya pili kwa kuchelea dada zake wasipate waume.

Desturi hii si ya Wasomali peke yao. Ipo Mombasa, ipo Malindi, ipo Unguja. Na aliyeko katika mitaa ya Mji wa Kale anajua zipo nyumba ambazo idadi ya watoto wanaotoka asubuhi si idadi ya watoto waliozaliwa. Hata lugha yetu imetusaidia kuwasahau: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, yote tumeyatia katika ngeli moja na kiti na kijiko, na mtu mwenyewe akatoweka nyuma ya upungufu wake. Heri wale wanaosema mtu mwenye ulemavu, kwani wameanza na mtu.

Basi tazama namna dhulma mbili zinavyolishana. Jamaa humficha mtoto kwa kuwa haoni faida ya kumdhihirisha: hapana shule itakayompokea, hapana daktari, hapana kiti. Na serikali haileti shule wala daktari wala kiti kwa kuwa katika daftari lake hapana mtoto. Huyu anamngoja yule aanze, na yule anamngoja huyu, na anayelipa baina yao ni aliyemo chumbani. Tunasema: asiyekuwapo na lake halipo. Na tunasema pia: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuufungua mlango wa chumba cha ndani ni kazi ya jamaa, wala hapana gavana atakayeifanya. Lakini kuweka kitu cha maana nje ya mlango huo ni kazi ya wenye madaraka, na hiyo ndiyo inayodaiwa wakati wa kura.

Yafaa pia tulitazame shina lenye umri mkubwa zaidi. Mwaka 1965 serikali ya Kenya huru ilitoa waraka wake maarufu wa siasa ya uchumi, Waraka Nambari 10, na ndani yake ikaamuliwa kwamba fedha za maendeleo zipelekwe khasa pale ambapo ardhi na watu watarudisha faida kubwa. Kwa shauri hilo nchi za mvua na mashamba zilipewa, na nchi za ukame zikaambiwa zingoje. Watu wa Kaskazini Mashariki wamelilalamikia jambo hilo kwa miaka mingi, na wana haki ya kulalamika. Lakini tunawauliza, kwa heshima ya ndugu kwa ndugu: je, kipimo alichopimiwa mfugaji siyo kile kile anachopimiwa mlemavu nyumbani? Baba mwenye karo ya mtoto mmoja humpeleka shule mwenye macho, kwa kuwa ndiye atakayerudisha faida, na asiyeona huambiwa angoje. Aliyekataa kupimwa kwa faida akiwa yeye ni ukame wa nchi, na akatae pia kumpima mwanawe. Mtu hana thamani kwa sababu ya anachorudisha. Ana thamani kwa sababu ameumbwa na Mwenyezi Mungu akakirimiwa.

Na dini yetu katika jambo hili haikutuacha gizani. Kila aliyesoma juzuu ya Amma anakijua kisa kilichomo mwanzo wa Sura ya 80. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi akitumai wasilimu. Akaja Abdullahi bin Ummi Maktum, naye haoni, akitaka kufundishwa. Na kwa kuwa yalikatika mazungumzo na wakubwa, uso ulikunjwa. Zikateremka aya za kumlaumu Mtume mwenyewe kwa ajili ya mtu huyo, nazo zasomwa hata leo katika sala. Wakubwa wale walikuwa na mali na koo na nguvu, na huyu hakuwa na kitu ila haja yake ya kujua. Aliyetukuzwa ni huyu. Msomaji atakapoona, wakati wa kampeni, mwombaji kura amezungukwa na wenye mali na wakuu wa koo, na mwenye fimbo nyeupe amesukumwa pembeni asipate kuuliza lake, naikumbuke sura hii.

Kisha Ibn Ummi Maktum hakuwekwa mlangoni pa msikiti kupokea vipande vya tende. Alikuwa mwadhini pamoja na Bilal, na zaidi ya safari moja Mtume alipotoka Madina alimwacha yeye kuwa naibu wake mjini. Na imepokewa katika hadithi sahihi kwamba mtu asiyeona alimwomba Mtume ruhusa ya kusali nyumbani kwa kuwa hana wa kumwongoza. Akamwuliza kama aisikia adhana. Aliposema aisikia, akaambiwa aitikie. Wengi huisoma hadithi hii kwa ajili ya kusisitiza sala ya jamaa, na ni sawa. Lakini ndani yake mna jambo jingine: kwamba asiyeona anatakiwa awemo ndani ya safu, wala nafasi yake haisamehewi. Na aliyetakiwa kufika ana haki ya njia ya kufikia. Haiwi sisi tumwite mtu kisha tukauweka msikiti juu ya ngazi kumi na mbili.

Waliokuja baadaye waliifahamu maana hii hata wakaitia katika mambo ya dola. Abu Yusuf ameeleza katika kitabu chake cha kodi kwamba Sayyidna Umar alimkuta mzee wa Kiyahudi, haoni, anaomba njiani. Akamchukua nyumbani kwake akampa, lakini hakuishia hapo: akamwita mtunza hazina, akaamuru mzee yule na mfano wake watazamwe katika Baitulmali, kwani si uadilifu kumla mtu ujanani kisha kumtupa uzeeni. Angalia, kwanza alitoa chake, na hiyo ni sadaka. Kisha akaweka kanuni kwa wote wa mfano wake, na hiyo ni haki. Na Al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala baina ya mwaka 705 na 715, wanahistoria wameandika kuwa alimpa kila asiyeona mtu wa kumwongoza na kila asiyejiweza mtumishi, kwa fedha ya dola, akawakatalia kuombaomba. Hayo yalifanywa miaka 1,300 iliyopita, pasipo mafuta ya petroli wala simu. Anayetuambia leo kuwa haiwezekani, na atuambie ni kipi alichokuwa nacho Damascus ambacho hakipo Nairobi.

Ama sheria, hatuwezi kusema kuwa hatuna. Kenya iliukubali Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, imempa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, kusoma, kufika kila mahali pa watu wote, kutumia lugha ya ishara na maandishi ya nukta, na kupata vyombo vya kumsaidia. Tena imetaka, kidogo kidogo, katika vyombo vya kuchaguliwa na vya kuteuliwa, watu 5 katika kila mia wawe ni wao. Ilikuwako sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2025 ikaja mpya mahali pake, ambayo mswada wake uliletwa na Seneta Crystal Asige, naye ni mwanamke asiyeona. Na huko Garissa kipo chama cha walemavu wa jamii za wafugaji, kijulikanacho kwa jina la NONDO, walichokianzisha wenyewe wasingoje kusemewa. Kwa hivyo karatasi tunazo, na wenye kujitetea wapo. Kilichokosekana ni umma wa wapiga kura unaomfanya mwombaji aogope kuipita karatasi hiyo bila kuisoma.

Badala ya kuogopa, mwombaji amejifunza hila. Kabla ya kura hukusanya viti vya magurudumu kadhaa, akawapanga walemavu juani, akagawa mbele ya wapiga picha. Hatumkatazi mtu kutoa. Lakini kiti chenye magurudumu membamba, kilichoundwa kwa sakafu ya saruji, hakiendi hatua kumi katika mchanga wa Diff, na kikivunjika hapana fundi wala kipuri. Picha hubaki, kiti huwa chuma cha kuchezea watoto. Lau angaliulizwa mwenye kukikalia, angalisema ataka cha magurudumu matatu mapana, au ataka njia ngumu ya kutoka kwake hata kisimani na shuleni. Tafauti ya sadaka na haki ni hiyo: mwenye sadaka hutoa alichonacho, mwenye kulipa haki huuliza kilichopungua.

Twajua pia kwamba katika Wajir na Mandera, tangu uchaguzi wa 2013, wazee wa koo wamekuwa wakikaa kabla ya kura na kugawana viti, ukoo huu ugavana, ule useneta, na wengine husema kuwa njia hiyo imepunguza ugomvi. Hatuna nia ya kuingilia baraza za wazee. Tunauliza suali moja tu: katika mgao huo, ukoo wa wasiosikia ni upi? Wapo katika kila ukoo, kwa hivyo hawana ukoo. Na kwa kuwa hawana ukoo, fungu lao haliletwi mezani ila wazee wenyewe wakilileta. Na wakilileta, na kukubaliana kwamba katika majina yatakayopelekwa kwa ajili ya viti vya kuteuliwa liwemo la mwenye ulemavu anayejua kusema, siyo la jamaa wa mkubwa aliyeandikwa kwa hila, watakuwa wamefanya jambo ambalo Nairobi haikuweza kuwafanyia.

Basi mpiga kura aulize nini? Kwanza, amwulize kila mtu lililo lake, kwani suali likipelekwa pasipo pake hurudi bila jawabu. Zahanati na hospitali za kaunti na shule za chekechea ni za gavana na baraza la kaunti: aulizwe ni lini madaktari wa kupima ulemavu watatoka hospitalini kuwafuata watu katika miji kama Diff, badala ya watu kubebwa kuwafuata wao, aulizwe pia juu ya mtaalamu wa viungo, na chanjo za malishoni. Mbunge aulizwe kama madarasa yanayojengwa kwa mfuko wa jimbo yana njia ya mteremko na choo anachoweza kuingia mwenye kiti. Na kule Bunge aseme nini juu ya walimu wa lugha ya ishara. Pili, jawabu liandikwe, na ahadi iwe na mwaka na mahali, kwani ahadi isiyo na tarehe ni dua. Tatu, wenye ulemavu waandikishwe wapige kura wenyewe. Sheria inamruhusu asiyeweza kutia alama peke yake aje na msaidizi amtakaye. Basi msaidizi atie alama aliyoambiwa, siyo aliyoipenda, kwani hiyo ni amana na khiyana yake ni kubwa.

Atakuja mtu mwenye busara aseme: fedha hazitoshi, na kiu ya watu wote itangulie kuliko njia ya mtu mmoja. Hoja hii yastahili jawabu. Ni kweli hazitoshi. Lakini mteremko ukijengwa pamoja na jengo gharama yake ni ndogo, ukiongezwa baadaye ni kubwa. Kisima kikiwekwa bomba la kimo cha aliyekaa, aliyesimama hakosi maji. Na uchache wa mali ndio hasa unaohitaji uadilifu. Kwenye wingi hata dhalimu hutoa. Aliye nyuma ya wote akipewa fungu lake katika uchache, basi watu wote wamekwisha kujua kuwa mafungu yao yako salama.

Tena asije mtu akamdai gavana kilicho mkononi mwake mwenyewe. Misikiti yetu hatujengewi na serikali. Walimu wa madrasa hawaajiriwi na kaunti. Msikiti uwe na mlango mmoja usio na ngazi. Khutba ya Ijumaa iwe na mwenye kuifasiri kwa ishara pale wanapokuwako wasiosikia. Mwalimu asimrudishe mtoto kwa sababu ulimi wake ni mzito. Watu wakiyafanya haya kwao, suali lao mbele ya mwombaji kura litakuwa na uzito, kwani atajua wanaouliza wamekwisha kuanza.

Kura ni ushahidi. Anayempa mtu kura anashuhudia mbele ya Mola wake kuwa huyu anafaa kuchukua amana ya watu, na miongoni mwa watu hao ni yule aliyemo chumba cha ndani kule Diff, ambaye hakuhesabiwa mwaka 2019 na ambaye huenda hajui kuwa kuna uchaguzi. Hatauliza kwa kinywa chake mwaka 2027. Ataulizwa kwa ajili yake, ama leo na sisi tukimwuliza mwombaji, ama siku ile na Yule ambaye hakuna asiyehesabiwa mbele yake. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafiqisha.